Sanamu ya omo: maana yake, na namna ya kuiunda kwa gharama ndogo kwenye merikebu ya mfano

Sanamu ya omo ni umbo la mtu, mnyama au kiumbe wa hadithi linalokaa mbele kabisa ya merikebu ya matanga, chini ya mlingoti wa maji, yaani ule unaochomoza mbele. Hiyo ndiyo maana finyu. Waunda modeli wakizungumzia "sanamu" huwa wanamaanisha zaidi ya hapo: wanahesabu pia mapambo yote ya tezi (sehemu ya nyuma ya merikebu), yaani nguzo zenye vichwa vya watu, simba walioshika ngao ya mfalme, vitoto vyenye mabawa, na majani yaliyojipinda kuzunguka madirisha.

Yale majani, kwa kweli, ni nakshi, na ni vizuri kuyatenga. Nakshi imelala juu ya ubao na hutazamwa upande mmoja tu. Sanamu ina mwili, ina kivuli chake, na ile ya omo huonekana kulia, kushoto na mbele. Gharama na taabu yako hutegemea sana ni kipi kati ya hivyo viwili unachokiunda.

Wingi wake nao unatisha. Vasa, merikebu ya kivita ya Sweden iliyozama Stockholm tarehe 10 Agosti 1628 katika safari yake ya kwanza, ilipoinuliwa mwaka 1961 ilikutwa na mamia ya sanamu na mapambo ya mbao. Simba wake wa omo ana urefu wa mita 3 hivi. Anayeanza na merikebu kama hiyo, tena ya kwanza maishani mwake, anajitafutia makubwa.

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu ya skeli, yaani uwiano wa modeli na merikebu halisi: 1:48 maana yake modeli ni ndogo mara 48. Sanamu ya mtu mwenye kimo cha sentimita 170 itakuwa na milimita 35 kwenye modeli ya 1:48, milimita 24 kwenye 1:72, na chini ya milimita 18 kwenye 1:96. Kichwa ni kama sehemu moja ya saba ya mwili, kwa hiyo kwenye 1:96 kichwa kizima hakifiki milimita 3. Hapo hakuna jicho wala ukucha utakaouona. Kinachoonekana ni mkao wa mwili, ukingo wa nje wa umbo, na vivuli vitatu au vinne: chini ya kidevu, kwapani, kwenye mikunjo ya nguo, kati ya miguu. Sanamu ya modeli, basi, si sanamu kubwa iliyopunguzwa ikawa ndogo. Ni vivuli vilivyopangwa vizuri hadi jicho la mtazamaji likamalizia yaliyobaki. Ukishalikubali hilo, nusu ya gharama imeondoka, maana hulipii tena vifaa vya kuchonga vitu visivyoonekana.

Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyogawa kazi hii barabara: kuchonga, kufinyanga na kusubu. Mafundi wa merikebu halisi walichonga. Kuchonga ni kuondoa, na ukishaondoa kipande cha pua hakirudi. Pia kunataka mbao zenye chembe ndogo sana, kama za mpeasi, pamoja na patasi ndogo zenye makali ya kweli, na vyote hivyo si rahisi bei. Kufinyanga ni kuongeza, na kosa hufutwa kwa kidole. Kwa mtu mwenye mfuko mwepesi, mimi naona hakuna ubishi: afinyange.

Malighafi zipo za aina tatu hivi. Udongo wa polima haukauki hadi uuoke kwenye joto la nyuzi 130 hivi (fuata maelezo ya pakiti), kwa hiyo unakupa muda wote unaoutaka. Puti ya epoksi, yaani kinyunga cha sehemu mbili zinazochanganywa, huganda yenyewe ndani ya saa chache, na ikiganda inakatika kwa kisu na kupigwa msasa kama mbao ngumu. Ya tatu ndiyo nafuu kuliko zote: wanga wa mahindi na gundi nyeupe ya mbao kwa kiasi sawa, pamoja na matone ya mafuta, vikapashwa moto mdogo huku vikikorogwa, kisha vikakandwa hadi viwe laini. Huu wa mwisho hunywea ukikauka, kwa hiyo umbo lifinyangwe kubwa kidogo kuliko lipasavyo na likauke polepole, la sivyo litapasuka. Unyevu pia huuharibu. Upake vanishi.

Anza na kiunzi. Waya mwembamba wa shaba uliotolewa kwenye kebo ya zamani unatosha. Usokote, uupinde ufuate mkao wa mwili, halafu uweke udongo kidogo kidogo. Acha ncha ya waya itokeze mgongoni, kwa sababu ndiyo itakayoingia kwenye tundu la merikebu na kushika kuliko gundi peke yake.

Kwa sanamu za tezi kuna njia ninayoipenda zaidi. Chora au chapisha umbo kwa ukubwa wake halisi, liweke chini ya kipande cha kioo, kisha finyanga juu ya kioo ukifuata mistari inayoonekana. Mgongo hutoka bapa, nao ndio unaokaa kwenye ubao, na kipimo hakikuponyoki. Vifaa ni sindano iliyochomekwa kwenye kijiti, wembe, vijiti vya kuchokolea meno na brashi yenye unyevu ya kulainishia. Uvumilivu hauuzwi dukani.

Nakshi haihitaji udongo hata kidogo. Uzi uliolowekwa kwenye gundi hupindwa ukawa mizunguko ya majani, na matone ya gundi yanayowekwa kwa ncha ya sindano, tabaka juu ya tabaka, hutoa maua na vifungo. Karatasi kadhaa zilizogandishwa pamoja hukatwa kwa wembe zikawa ngao.

Wapo wanaokata vijisanamu vilivyokwisha tengenezwa: askari wa plastiki wa 1:72, au abiria wa reli za mfano za 1:87, wakawabadilisha mikono na kuwavika nguo za puti. Si udanganyifu. Ila plastiki ile laini ya askari haishiki rangi vizuri, hivyo ioshe na kuipaka rangi ya msingi kwanza.

Kusubu, yaani kumimina kwenye kalibu, huonekana kama njia ya mkato, na watu wengi hukimbilia kununua silikoni ya kutengenezea kalibu mapema mno. Tezi ina pande mbili zinazotazamana kama kwenye kioo: simba wa kulia hawezi kutoka kwenye kalibu ya simba wa kushoto. Kalibu inalipa pale tu umbo lilelile linaporudiwa mara nyingi upande uleule. Na usisubu kwa madini ya risasi hata ukipewa bure. Ina sumu, na ndani ya kabati la kioo mvuke wa asidi unaotoka kwenye baadhi ya mbao na gundi huila ikageuka unga mweupe.

Rangi ndiyo inayoficha umaskini wa malighafi, au inayoutangaza. Dhahabu inayong'aa ikipakwa kila mahali huua vivuli vyote ulivyovihangaikia. Paka njano ya udongo, mwagia kahawia iliyozimuliwa sana ishuke kwenye mifereji, kisha gusa sehemu zilizobenuka kwa brashi kavu yenye dhahabu kidogo. Hata merikebu halisi nyingi zilipakwa njano badala ya dhahabu, kwa sababu ileile ya kubana matumizi. Na si zote zilikuwa za dhahabu: uchunguzi wa mabaki ya rangi kwenye Vasa ulionyesha sanamu za rangi nyingi kali juu ya nyekundu.

Njia kubwa kuliko zote ya kupunguza gharama hufanyika kabla udongo haujaguswa, wakati wa kuchagua mwaka wa merikebu. Victory ya Uingereza iliposhushwa majini mwaka 1765 ilikuwa na sanamu ya omo kubwa yenye msongamano wa watu. Katika matengenezo yaliyokamilika mwaka 1803 iliwekewa nyingine nyepesi: vitoto viwili vilivyoshikilia ngao ya kifalme na taji. Merikebu ni ileile. Ukiunda ile ya baada ya 1803, una miili miwili tu ya kufinyanga pale mbele.