Sumaku ya kaboni imo ukingoni

Wanafunzi wangu wakitaka kujua kama molekuli ya jamii ya grafini (utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja) ina sumaku, hukimbilia kompyuta. Mimi huwapa kwanza kalamu mbili za rangi.

Chora trianguleni, molekuli yenye umbo la pembetatu: pembesita tatu chini, mbili katikati, moja juu. Hapo kuna atomu 22 za kaboni. Zipake nyekundu na bluu kwa sharti moja: majirani wasifanane rangi. Utapata 12 za rangi moja na 10 za nyingine. Kila kaboni ina elektroni moja inayotafuta mwenzake wa rangi ya pili, kwa hiyo mbili zinabaki makapera, spini zao (usumaku mdogo wa kila elektroni) zikielekea upande mmoja. Ndiyo sumaku yenyewe. Ukiongeza safu moja, atomu zinakuwa 33, yaani 18 kwa 15: makapera watatu.

Ukapera una taabu zake. Mwanakemia Erich Clar alijaribu kutengeneza trianguleni miaka ya 1950, lakini molekuli zikashikana zenyewe kwa zenyewe. Ilipatikana mwaka 2017, watafiti wa IBM huko Zurich walipong'oa haidrojeni mbili za ziada kwenye molekuli tangulizi, kwa ncha ya darubini inayopapasa atomu.

Makapera hao hukaa kwenye kingo za zigizaga, ambako atomu za nje za upande mmoja ni za rangi moja. Kwenye ukingo wa umbo la kiti cha mikono, nyekundu na bluu zimekaa mbili mbili, bega kwa bega; hakuna anayekosa mwenza. Heksabenzokoroneni, molekuli yenye kingo za aina hiyo, ina kaboni 42, na sumaku haina.

Ukubwa je? Hapo kalamu hazitoshi. Chora umbo la kashata, pembesita nne kwa nne: kaboni 48, rangi nusu kwa nusu. Tano kwa tano: 70, nusu kwa nusu tena. Mwaka 2021 zote mbili zilitengenezwa juu ya dhahabu. Ndogo haikuwa na sumaku, kubwa ilikuwa nayo. Kashata ikikua, elektroni nyekundu na bluu za kingoni zinaachana mbali, moja kwenye kila ncha kali, na faida ya ndoa inapungua hadi msukumano wao unaizidi. Kila moja inabaki kwake, spini zikipingana. Kuzigeuza zielekee upande mmoja kunadai nishati ya milielektronivolti 102, wakati joto la chumbani hutoa kama 25 tu. Ukizijumlisha spini hizo unapata sifuri, sawasawa na nadharia ya mwanafizikia Elliott Lieb ya mwaka 1989: jumla ya spini hufuata tofauti ya idadi ya rangi mbili.