Slaidishoo si video ya picha

Onyesho la slaidi, au slaidishoo kama wengi tunavyosema, ni picha za mnato zinazotokea kwenye skrini moja baada ya nyingine, kompyuta ikizisoma kutoka kwenye folda zilimohifadhiwa. Maana ni hiyo tu. Lile faili la MP4 lenye muziki ambalo studio hukukabidhi kwenye flashi baada ya harusi au arobaini ni kitu kingine: ni video iliyotengenezwa kwa picha. Ningenyamaza kama tofauti ingekuwa ya jina tu. Lakini nimesikia mara nyingi mno mtu akisema, "Picha za mzee zote zimo kwenye slaidishoo, hizi za kwenye simu nafuta nipate nafasi." Hapo anafuta picha halisi, anabaki na kivuli chake.

Tuanzie slaidi ilikotoka. Ilikuwa kipande cha filamu chenye picha ya rangi, kimebanwa kwenye fremu ya karatasi ngumu au plastiki yenye upana wa kama sentimita 5. Filamu hizo, mfano Kodachrome ya milimita 35 iliyoingia sokoni 1936, hazikuacha negativu, yaani filamu yenye rangi kinyume ambayo picha husafishwa kutoka kwayo. Filamu ile ile iliyokuwa ndani ya kamera ndiyo iliyosafishwa, ikakatwa, ikapitishiwa mwanga hadi ukutani. Mapema miaka ya 1960 Kodak ikaleta Carousel, projekta yenye sinia la duara juu yake. Unapanga slaidi 80, unabonyeza kitufe, moja inashuka mbele ya taa, kisha inarudi kwenye tundu lake na sinia linazunguka kuleta ya pili. Waliokuwa na projekta mbili waliziweka sambamba, taa ya moja ikififia huku ya nyingine ikiwaka, hata picha zikayeyukiana ukutani. Mfifio huo huo umo leo katika kila programu ya picha. Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004.

Katika kazi yote hiyo, slaidi haikubadilika. Ungeweza kuchomoa moja ukampa ndugu, kuhamisha ya mwisho ikawa ya kwanza, au kukaa kwenye picha moja mpaka mazungumzo yaishe.

Kompyuta ya sebuleni iliyounganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI inafanya vivyo hivyo, folda ikiwa ndiyo sinia. Kwenye Kodi, programu ya kuchezesha video, muziki na picha, unafungua sehemu ya picha, unachagua folda, unaanzisha onyesho, na mipangilio inakuruhusu kuamua kila picha ikae sekunde ngapi. Kwenye programu ya Photos ya Windows unabonyeza F5. Bibi akisema, "Hebu ngoja, huyo aliyesimama nyuma ya baba yenu ni nani?" unasimamisha, unavuta uso karibu, na sura inasomeka. Jaribu hivyo kwenye video, utavuta ukungu.

Ukungu huo una hesabu yake. Picha ya simu ya megapikseli 12 kwa kawaida ina pikseli, yaani nukta za rangi zinazoiunda, 4000 kwa 3000. Video ya Full HD ina 1920 kwa 1080. Picha ile ikiingizwa humo bila kukatwa popote inabaki 1440 kwa 1080, yaani pikseli kama milioni 1.6 kati ya milioni 12. Iliyopigwa wima, na picha nyingi za watu hupigwa wima, inabaki 810 kwa 1080, ambazo hazifiki hata laki tisa. Siku ukitaka kuisafisha kwa pikseli 300 kwa inchi, ile ya asili inatosha karatasi ya inchi 10 kwa 13. Hiyo ya kuchomoa kwenye video haifiki inchi 3 kwa 4. Tena haina tarehe ya kupigwa, kwa kuwa tarehe huandikwa ndani ya faili la picha, nalo halikuhamia kwenye video.

Kinachowapotosha watu ni kwamba kwenye televisheni ya Full HD vyote viwili huonekana sawa, maana skrini yenyewe haina zaidi ya pikseli hizo 1920 kwa 1080. Tofauti inajitokeza ukivuta karibu, ukisafisha, au ukinunua televisheni ya 4K, yenye pikseli nyingi zaidi.

Sisemi video ya picha haifai. Ukumbini, MC akiwa anasubiri na wimbo umepangwa uishe pamoja na picha ya mwisho, hiyo ndiyo ya kuchezesha. Ila ukienda studio, iite video ya picha, na uombe pamoja nayo folda ya picha zenyewe, kila moja na faili lake, kama zilivyotoka kwenye kamera. Wazinakili kwenye flashi au diski. Wasizitume kama picha za kawaida za WhatsApp, kwa sababu njiani hupunguzwa ukubwa. Folda hiyo ikishafika nyumbani, slaidishoo unayo tayari.