Kukomaza bia: maana yake, na kwa nini ardhi ya Moshi haitoshi

"Ya moto au ya baridi?" Hilo ndilo swali la kwanza ukiagiza bia kwenye grosari yoyote ya Arusha au Moshi. Ya moto ni ile iliyotoka moja kwa moja kwenye kreti, ya baridi imetoka kwenye friji. Kwa bia ya kunywa jioni hii, swali hilo ni la mapenzi ya mtu tu. Kwa bia unayotaka ikae mwaka mmoja au mitano nyumbani, hilo ndilo swali lenyewe, mengine yote yanafuata nyuma.

Kukomaza bia ni kuiacha chupa iliyofungwa mahali penye giza na ubaridi usioyumba, kwa miezi au miaka, ili ladha yake igeuke kuelekea unakotaka. Kuhifadhi ni jambo jingine: hapo unataka bia ibaki vilevile ilivyotoka kiwandani. Wengi huyachanganya haya mawili. Kreti la bia nyepesi linawekwa stoo tangu Krismasi, linafunguliwa Pasaka, na mwenye nyumba anasema imekomaa. Haikomai. Imezeeka tu, na kila mgeni anaionja.

Mfano wa bia inayobadilika upesi uko vijijini juu ya Moshi. Mbege ya ndizi na ulezi ni tamu siku ya kwanza, kesho yake ina ukali, na baada ya hapo inaelekea kwenye siki, kwa sababu chachu na bakteria wake wako hai na wanaendelea kula sukari. (Ndiyo maana mbege haifungwi kwenye chupa ya kioo na kuwekwa kabatini. Gesi haina pa kutokea, na chupa hupasuka kwa nguvu ya kutosha kukata mtu.) Bia nyingi za kiwandani hapa kwetu huchujwa na kupashwa joto, hivyo ndani hakuna chachu hai. Kinachozibadilisha ni kemia, na mhusika mkuu ni oksijeni.

Oksijeni kidogo hubaki shingoni mwa chupa wakati wa kujaza, na nyingine hupenya polepole kupitia utando ulio ndani ya kisoda. Ikikutana na vilivyotoka kwenye kimea cha shayiri, huzaliwa kemikali iitwayo nonenali, yenye ladha ya karatasi au boksi lililolowa. Ulimi huigundua ikiwa kwenye kiwango cha kama mikrogramu 0.1 kwa lita, yaani karibu na bure. Bia nyepesi ya asilimia 4 au 5 haina kitu cha kuificha. Bia nyeusi na nzito ina mengi ya kuificha, na oksijeni ileile huzaa humo ladha za zabibu kavu, tende, asali na mvinyo wa sheri. Chanzo ni kimoja, matokeo ni mawili, na hapo ndipo ilipo siri yote ya kukomaza: ni uharibifu uliochaguliwa vizuri.

Hopsi nazo, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, huondoka. Harufu yake, ile ya maua na maganda ya machungwa, hutangulia, wakati mwingine ndani ya miezi mitatu. Uchungu hufuata polepole. Kwa hiyo bia inayosifiwa kwa harufu ya hopsi inywe mapema kadiri uwezavyo. Kuikomaza ni kulipia kitu halafu kukitupa.

Zinazofaa ni bia za asilimia 8 ya kilevi na kuendelea, hasa zenye rangi nyeusi au kahawia iliyokolea: stauti za impirio (bia nyeusi nzito kupindukia), zile zinazoitwa mvinyo wa shayiri, na bia nzito za watawa wa Ubelgiji kama Rochefort 10, yenye asilimia 11.3. Uingereza, kiwanda cha Eldridge Pope mjini Dorchester kilitoa Thomas Hardy's Ale mwaka 1968, bia iliyotengenezwa kwa nia ya kukaa miaka 25. Wapo pia wanaovunja kanuni ya asilimia. Lambiki, bia kali za Ubelgiji zinazochachushwa na vijidudu vya hewani, zina kilevi cha kawaida lakini hudumu kwa sababu ya asidi na vijidudu vilivyo hai. Orval, bia nyingine ya watawa wa Ubelgiji, ina asilimia 6.2 tu, ila chachu ya mwituni iliyomo hubadilisha bia hiyo ndani ya miezi sita hadi usidhani ni ileile. Laga zetu za kila siku, ziwe za kiwanda cha Arusha au cha Moshi, hazimo kwenye orodha hii, na hilo si tusi kwao. Zimetengenezwa zinywewe mbichi. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye chupa, na ukiweza kunywa miezi kadhaa kabla yake, bora zaidi.

Sasa turudi kwenye joto. Watengeneza bia wana kipimo cha kukadiria: siku 3 kwenye nyuzi 32 huizeesha bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Ni makadirio, lakini yasome ukiwa umekaa chini ya bati mjini Moshi mwezi Februari saa tisa alasiri. Wiki mbili hapo juu ya kabati zinaweza kula muda ambao stoo ya baridi ingeumaliza kwa miaka.

Joto la kukomazia ni nyuzi 10 hadi 13. Chini ya hapo mabadiliko yanakwenda polepole mno, juu ya 20 yanakwenda mbio na kuzaa ladha ya karatasi kabla ya ladha ya tende. Hapa wengi hufikiria kuchimba handaki, kama Ulaya. Wazo ni zuri, hesabu inakataa. Udongo wa mita mbili chini hukaribia wastani wa joto la mwaka mzima wa mahali hapo. Ubelgiji wastani huo ni kama nyuzi 10 au 11, ndiyo maana chumba cha chini ya nyumba kinawatosha. Arusha, karibu mita 1,400 juu ya bahari, utapata kama 20. Moshi, iliyo chini zaidi kwa mamia ya mita, ni kama 24. Handaki litakuondolea kupanda na kushuka kwa joto, na hiyo ni faida halisi, lakini ubaridi wenyewe hautaupata ardhini.

Kwa hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukubali nyuzi 20 za Arusha na kufupisha muda: bia nzito ya kukaa miaka mitano Ulaya, wewe iweke mwaka mmoja hadi miwili. Tafuta sakafu ya saruji kwenye ukuta wa ndani ya nyumba. Ukuta wa magharibi ni mbaya mwaka mzima kwa sababu ya jua la jioni. Wa kusini huonekana salama, ila kuanzia Desemba hadi Februari jua letu hupita upande huohuo, tena ndio msimu wa joto. Kabla ya kuweka chupa yoyote, weka kipimajoto pale kwa wiki mbili, usome alfajiri na saa tisa alasiri. Tofauti ikizidi nyuzi 4, hama.

Njia ya pili, ambayo kwa Moshi ndiyo pekee tunayoipendekeza, ni friji kuukuu ya mlango mmoja pamoja na kidhibiti joto cha nje, kile kinachouzwa kwa ajili ya mashine za kutotoleshea vifaranga. Hakikisha kina upande wa kupoza, si wa kupasha tu. Friji inachomekwa kwenye kidhibiti, kihisi kinaingia ndani. Weka nyuzi 12, na nafasi ya kuyumba nyuzi 2, vinginevyo kompresa itawaka na kuzima kila dakika. Kihisi usikiache kikining'inia hewani. Kitumbukize kwenye chupa ya maji, ili kipime joto la kimiminika na kisishtuke kila mlango unapofunguliwa. Weka pia ucheleweshaji wa dakika 5 kabla ya kuwaka, kwa sababu umeme wetu hukatika na kurudi kwa pupa, na kompresa ndiyo hulipa. Friji iliyojaa chupa hupitisha saa kadhaa za giza bila joto kusogea sana, mradi mlango ubaki umefungwa. Sehemu ya kugandishia iachwe tupu. Bia ya asilimia 5 huganda kwenye karibu nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, na ikiganda chupa hupasuka.

Simamisha chupa, usizilaze. Ikisimama, uso wa bia unaogusana na hewa ni mdogo, kisoda hakiloweki na kupata kutu, na mashapo ya chachu yanatulia chini. Chupa za koki huzua ubishi, maana za mvinyo hulazwa ili koki isikauke, lakini kwa miaka michache hata hizo husimama bila shida.

Giza ni lazima. Mwanga wa jua, na hata wa taa ya tyubu, huvunja uchungu wa hopsi na kuzaa harufu ya mnyama aliyejihami kwa kunuka. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani kidogo sana, nyeupe haizuii kitu. Chupa nyeupe ikiwa juani huharibika ndani ya dakika, si siku.

Nunua chupa sita za toleo moja, si moja. Bandika kipande cha mkanda wa karatasi wenye tarehe ya kujazwa, na ya kununua. Ya kwanza inywe wiki hiyohiyo, vinginevyo hutajua kilichobadilika. Kisha fungua moja kila miezi sita na uandike mistari miwili. Siku utakayoona ladha imefika kileleni, zilizobaki zihamishie kwenye baridi ya nyuzi 4 au uzinywe. Bia za nje zilizosafiri kwa kontena kutoka bandarini zinaweza kuwa zimepigwa na joto kabla hazijafika dukani, kwa hiyo chupa ya kwanza ikiwa tayari na ladha ya karatasi, usipoteze miaka ukisubiri tano zilizobaki zijirekebishe.

Ukifungua ukakuta harufu ya sosi ya soya, oksijeni ilizidi au joto lilizidi. Mchuzi wa nyama ni chachu iliyokufa na kuoza chini. Povu likiruka hadi darini, kuna vijidudu. Isipotoa hata mlio wa gesi, kisoda kilikuwa kinavuja. Kuhusu ile hofu kwamba bia iliyopoa ikatolewa friji na kurudishwa huharibika: kinachoiharibu ni joto kali huko nje, si kurudi kwenyewe.

Ya kunywa, isimamishe siku mbili bila kuisogeza, iache ifike nyuzi 12 hadi 14, mimina taratibu kwenye glasi pana kwa mkono mmoja bila kuirudisha wima, na acha kumimina pale vidole viwili vya mwisho vya bia chupani vinapoanza kuwa na matope.