Jicho la Nani?

Mswada ukinifikia mezani, mara nyingi mwandishi hutanguliza maelezo: "Hadithi yangu iko katika nafsi ya tatu." Sawa, lakini hilo naliona mwenyewe kwenye mstari wa kwanza. Mimi natafuta kingine: jicho ni la nani? Anayesema na anayeona si lazima awe mtu mmoja. Mtaalamu wa fasihi Mfaransa, Gérard Genette, aliyatenganisha maswali haya mawili mwaka 1972, akilalamika kwamba wahakiki walikuwa wakiyachanganya. Bado tunayachanganya.

Tazama kipande hiki. Nimekitunga mwenyewe, maana ya wateja siyaaniki hadharani.

"Musa alisukuma mlango. Sada alikuwa amekaa kitandani, sanduku liko miguuni pake. Musa akaelewa kila kitu, uso ukamsawijika. Sada alijiuliza kama amechelewa."

Nafsi ni ileile ya tatu, haikubadilika. Macho je? Tunaingia na Musa, tunaliona sanduku pale anapoliona yeye. Halafu uso unasawijika. Musa hauoni uso wake, kwa hiyo tumesharuka hadi kitandani kwa Sada. Sentensi ya mwisho inatukuta ndani kabisa ya kichwa cha Sada. Msomaji hatasema kwamba mtazamo umeyumba. Atahisi tu kuna kitu kimemponyoka, kisha ataenda kuangalia simu yake.

Mimi ningebaki na Musa:

"Musa alisukuma mlango. Kumbe sanduku lilikuwa limeshafungwa. Sada alikuwa ameliwekea mguu juu, kana kwamba litakimbia. Eti anakwenda kumjulia hali mama. Siku mbili tu."

Hakuna "aliwaza", hakuna "alihisi", na bado tumo kichwani mwa Musa. Kazi yote imefanywa na "kumbe" na "eti". Mwenye kumbe ni yule anayegundua sasa hivi, na mwandishi hawezi kugundua: yeye ndiye aliyelifunga hilo sanduku. "Eti" nayo ni ya Musa, ni yeye asiyesadiki. Waandishi wanaohangaika kuongeza "akawaza moyoni mwake kwamba" kila baada ya mistari miwili wanaisahau hazina hii.

Kuna na vijineno vingine vinavyofichua jicho liliko. Andika "Sada alikuja mlangoni", umetuweka mlangoni pamoja na Musa. Andika "Sada alikwenda mlangoni", umetuacha nyuma, karibu na kitanda. Huyu na yule, hapa na pale, vyote hupimwa kutoka mahali fulani, na mahali hapo pana mtu. Nikihariri, hivi ndivyo vya kwanza kuvizungushia kalamu.

Mtindo huu wa kuchanganya sauti ya msimulizi na mawazo ya mhusika umewahi kumfikisha mtu kizimbani. Mwaka 1857 huko Paris, Gustave Flaubert alishtakiwa kwa sababu ya riwaya yake *Madame Bovary*. Mwendesha mashtaka aliuliza ni nani ndani ya kitabu kile anayeweza kumhukumu Emma, mhusika mkuu anayemsaliti mumewe, akajijibu mwenyewe: hakuna. Alikuwa akiitafuta sauti ya mwandishi ya kukemea, naye Flaubert alikuwa ameiondoa makusudi. Aliachiwa huru mwezi Februari.

Nafsi ya kwanza wengi huiona ndiyo nyepesi. Si kweli. Ndani ya "mimi" mmoja mna watu wawili, aliyeyaishi mambo na anayeyasimulia baadaye. "Nilimpa ufunguo" ni wa yule wa zamani. "Sikujua kwamba ningejuta" ni wa huyu wa leo, anayejua mwisho wote. Ukimruhusu wa leo aropoke kila ukurasa, taharuki inakufa. Ukimnyamazisha kabisa, msomaji atajiuliza kwa nini mtu huyu anasimulia. Na tafadhali, usiniandikie "uso wangu ulisawijika" kama hakuna kioo.

Nafsi ya pili, ile ya "unafungua mlango", huchosha upesi. Katika hadithi fupi sana naivumilia.

Msimulizi anayejua yote, wa vichwa vyote na vyumba vyote, siku hizi anasingiziwa kuwa amepitwa na wakati. Mimi namtetea. Mtambaji wa ngano huruka kutoka kwa sungura hadi kwa fisi na hakuna anayepotea, kwa sababu tangu mwanzo tumemshika mkono yeye mtambaji mwenyewe. Kipande changu cha kwanza kilianguka kwa kukosa sauti kama hiyo, kiasi kwamba kila mruko ulionekana ajali.

Tatizo jingine ni "a-" yetu. "Alimwambia hamwamini tena, akachukua ufunguo wake, akaondoka." Nani kaondoka? Ufunguo wa nani? Kurudia majina kila sentensi kunachosha. Ukishaamua jicho ni la nani, yule mwingine ndiye anayeitwa "yule", na ukungu mwingi unaondoka.

Sasa tumpe Sada jicho:

"Hatua zilisimama nje. Sada aliuweka mguu juu ya sanduku. Mlango ukasukumwa, akaja Musa, uso umemsawijika. Siku mbili tu, Sada alimwambia, na sauti ikamtoka vizuri kuliko alivyotegemea."

Uso uliosawijika nao umepata mtu wa kuuona.