Mjomba, 762 Ni Zaidi ya 714

Najua, mpwa wangu. Kusoma namba ndiyo kazi inayonipa ugali. Lakini ujumbe wako wa sauti wa jana ("Mjomba, Bonds 762, Aaron 755, Ruth 714, ubishi umefungwa") ni wa nne wa aina hiyo mwezi huu, na subira imeniishia. Unataka nikubali kwamba Barry Bonds anawazidi Hank Aaron na Babe Ruth wa zamani katika besiboli ya Marekani, eti kwa kuwa ana homurani nyingi zaidi, yaani mipira aliyoipiga ikavuka uzio.

Babu yako alioa, akajenga na kusomesha kwa mshahara wa shilingi mia kadhaa. Mbona humwiti fukara? Kwa sababu unajua shilingi yake siyo hii yetu. Basi hata homurani zina thamani ya wakati wake.

Mwaka 1913 Frank Baker aliongoza Ligi ya Amerika, mojawapo ya ligi kuu mbili, kwa homurani 12, na huyo ndiye waliyembandika jina la "Home Run". Mwaka 1920 Ruth akapiga 54. Kati ya timu nyingine 15 za ligi kuu, ni timu ya Phillies peke yake iliyompita, kwa 64. Timu 14 zilizobaki zilishindwa na mtu mmoja. Aaron Judge, mpigaji wa siku hizi, naye alipiga 62 mwaka 2022, lakini hata timu ya Detroit, iliyoburuta mkia kwa homurani mwaka huo, ilifikisha 110.

Hapo wengi hutua mzigo: gawanya homurani za mtu kwa za ligi yake, Ruth mfalme, twende tukale. Hawa wananikera kuliko wewe. Kipimo hicho kina tundu, nami nakitumia kila siku huku nikiliona. Wapigaji wengi wa enzi ile walifundwa kushika gongo juu kidogo, kuudokoa mpira na kutimua mbio. Ruth alizungusha gongo kwa nguvu zake zote. Je, aliwazidi uwezo, au alijaribu kitu ambacho wenzake hata hawakukifikiria? Vyote viwili, nadhani. Ila kwa kiasi gani? Kila nikijaribu kuvitenganisha, jibu hubadilika kulingana na miaka niliyochagua. Wengine hukimbilia kusema ni mpira: mwaka 1920 mpira wa mate (mrushaji huupaka mate ili upinde vibaya) ulianza kupigwa marufuku, na Agosti Ray Chapman aliuawa na mpira uliompiga kichwani, ikawa mipira michafu, isiyoonekana vizuri, haikawii kubadilishwa. Sawa, ila Ruth alishapiga 29 mwaka 1919, kabla ya hayo yote.

Tena ligi hiyo tunayogawanyia ilikuwa imewafungia Weusi mlango hadi Jackie Robinson, mchezaji Mweusi, alipoingia 1947. Ruth hakukutana na Satchel Paige, mrushaji Mweusi hodari, kwenye mechi hata moja ya ligi. Josh Gibson, mpigaji Mweusi mwenye nguvu, hakuruhusiwa kabisa. Kibao chake kule Cooperstown, kwenye jumba la magwiji wa besiboli, kinasema homurani karibu 800, zikiwemo za mechi za nje ya ligi. Zilizothibitishwa za ligi hazifiki 200, maana misimu yao ilikuwa mifupi na riziki ilitafutwa kwa kuzunguka mji hadi mji. Niandike ipi kwenye jedwali? Mimi huacha kisanduku wazi. Mabosi hawapendi.

Viwanja? Uwanja wa Polo Grounds, alipochezea Ruth mwaka 1920, uzio wa kulia ulikuwa chini ya mita 80 tu. Yeye alipigia kushoto, na mpigaji wa kushoto hupeleka mpira kulia kwa urahisi. Umeelewa. Aaron naye hakuwahi kufikisha 50 kwa msimu, na sehemu ya ubora wake iliangukia miaka ya 1960, warushaji walipotawala hadi kilima wanachosimama wakirusha kikapunguzwa kimo mwaka 1969.

Na huyo Bonds wako. Huulizwa nikate asilimia ngapi kwa ajili ya dawa za kuongeza nguvu. Kumi? Ishirini? Sikati kitu, kwa sababu sina kanuni ninayoweza kuitetea, na waliokuwa wakimrushia nao hawakuwa malaika wote. Lakini mwaka 2004 walimpa bezi ya kwanza (kituo cha kwanza cha mbio) bure, makusudi, mara 120, ilimradi asiguse mpira. Mbona hiyo hukuitaja?

Nijibu kwa maandishi. Niko kazini.