Kuendesha programu kwenye kadi ya pili siyo kuiendesha kwenye kadi mbili

Hii nimeisikia mara nyingi mno kwa watu wenye kadi mbili za michoro (GPU) kwenye kompyuta moja, wanaotumia CUDA, yaani mfumo wa NVIDIA wa kuendesha hesabu kwenye kadi hizo. Mtu anasema "CUDA yangu sasa inarun kwenye kadi ya pili", halafu akiendelea kuongea unagundua anaamini kompyuta yake imepata nguvu maradufu. Hapana jamani, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Maana yenyewe ni fupi. Programu sambamba, yaani ile inayogawa hesabu kwa maelfu ya nyuzi (threads) zinazokimbia kwa pamoja ndani ya GPU, usipoipa maelekezo yoyote inaenda kwenye kadi namba 0, kwa sababu CUDA inaanza kuhesabu kwenye sifuri. Kuipeleka kwenye kadi ya pili ni kuiambia itumie namba 1, basi. Kazi imehama, haijagawanywa, na ile kadi ya kwanza imebaki inaonyesha skrini tu.

Na kuhama peke yake kuna faida kubwa, sipingi. Kadi yenye skrini inatumia sehemu ya memori kwa ajili ya madirisha yako, na kwenye Windows hesabu ikiishikilia kadi hiyo zaidi ya sekunde 2 hivi mfumo unaona imeganda na unairiseti, programu yako inakufa katikati.

Ila kugawa kazi kwa kadi mbili lazima aliyeandika programu awe ameandika hivyo: akate data vipande, aite cudaSetDevice (amri ya kuchagua kadi) kwa kila kadi, apeleke kila kipande kwenye memori ya kadi husika, mwishoni akusanye majibu. Tangu CUDA 4.0 ya 2011 uzi mmoja wa CPU unaweza kuamrisha kadi zote, lakini kugawa hakujawahi kuwa kwa bure. Memori nayo haijumlishwi, kadi mbili za GB 8 siyo kadi moja ya GB 16, ukiomba GB 12 kwa cudaMalloc (amri ya kuomba memori) haitakuongezea memori ya kadi ya pili hata kama iko tupu kabisa. Na wale wanaotafuta kwanza daraja la SLI (kiunganishi cha kadi mbili), SLI ilikuwa ya magemu, CUDA inaziona kadi zako moja moja bila hilo daraja.

Sasa kinachochanganya watu kweli ni hiyo namba ya kadi. nvidia-smi, amri ya NVIDIA inayoorodhesha kadi zako, inazipanga kwa nafasi yake kwenye basi ya PCI (njia inayounganisha kadi na kompyuta), lakini CUDA yenyewe usipoigusa inaweka mbele ile inayoikadiria kuwa na kasi zaidi, kwa hiyo kama kadi zako ni za aina tofauti namba 1 ya huku inaweza kuwa namba 0 ya kule, unaangalia kadi inayopumzika huku unashangaa kazi imeenda wapi. Kabla ya kuendesha programu weka environment variable CUDA_DEVICE_ORDER=PCI_BUS_ID na orodha zote mbili zitakubaliana. Halafu kuna CUDA_VISIBLE_DEVICES=1, hii haichagui kadi, inaficha zingine zote, na ile inayobaki inapewa namba upya kuanzia 0. Ndiyo maana programu inaandika "device 0" na mtu anadhani imegoma kuhama wakati imeshahama, au anaweka hiyo VISIBLE_DEVICES kisha ndani ya kodi (code) ya programu anaita tena cudaSetDevice(1) na anapata eror kwamba kadi hiyo haipo. Kwa macho ya programu ni kweli haipo.

Kwa hiyo ndugu, ukihamisha sema umehamisha, ukigawa sema umegawa, na ukiomba msaada taja namba yako umeisoma wapi, kwenye nvidia-smi au ndani ya programu, maana anayekujibu hawezi kujua unazungumzia kadi ipi.