Mtoto anashinda na nani? Maswali na majibu kwa wazazi wa Mombasa wanaoacha watoto daycare na nasari

Huku kwetu mzazi akitoka mapema mtoto lazima abaki na mtu. Mama anayeuza mboga Kongowea ashatoka kabla ya adhana ya alfajiri, wa kiwandani anawahi geti, baba yuko boda, bibi yuko mbali Kaloleni, kwa hivyo mtoto anaishia daycare ya mtaani na hapo mzazi hajakosea kitu. Haya ni maswali ambayo wazazi wa Kisauni, Likoni na Mikindani hutuuliza sana sisi wahudumu wa afya ya jamii tukipita majumbani, nimeyajibu vile ningemjibu dadangu.

Nshamwambia mwanangu asiongee na mtu asiyemjua. Hiyo si yatosha?

Haitoshi mamangu. Watoto wengi wanaodhulumiwa wanadhulumiwa na mtu wanayemjua na kumuamini, yaani mlezi mwenyewe, mume wa mlezi, kijana wa hapo nyumbani, jirani wa ploti, mtu wa tuktuk, wakati mwingine mtoto mkubwa kuliko wao. Alafu dhuluma si ya kingono peke yake. Kumpiga, kumtikisa mtoto mchanga kwa hasira, kumtukana kila siku, kumnyima chakula, kumlewesha dawa alale, kumwacha na nepi moja kutoka asubuhi mpaka magharibi, zote ni dhuluma. Na wavulana wanadhulumiwa pia, hili watu hawapendi kulisikia lakini ni kweli.

Nikienda kuangalia daycare niangalie nini?

Wazazi wengi wanaangalia rangi za ukutani, uji na bei ya siku. Mimi nawaambia angalieni vitu vitatu, choo, pahali pa kulala, na mlango.

Chukua daycare ya kawaida ya mtaani, chumba kimoja cha mabati, mikeka imetandikwa, saa saba mchana jua kali, mlezi anatundika leso mlangoni ndiyo watoto walale. Leso yenyewe haina ubaya, joto la Mombasa twalijua. Lakini kuanzia hapo hakuna mtu wa nje anayeona ndani, na huo ndio wakati mlezi anasema wacha nikimbie dukani, anamwachia nduguye watoto, na wewe mzazi hata humjui huyo ndugu ni nani. Kwa hivyo uliza wazi bila haya, wakilala nani anabaki nao? Ukitoka unamwachia nani? Nani mwingine anaishi hapa ama anaingia ingia mchana?

Choo ndio usiseme. Mara nyingi ni cha ploti, kiko nyuma huko, wapangaji wote wanakitumia na wageni wao. Nani anampeleka mtoto? Anaenda peke yake ama na mlezi? Nani anambadilisha nepi, na anabadilishwa wapi? Kanuni ni moja tu, mtu mzima asikae peke yake na mtoto pahali ambapo wengine hawawezi kuwaona. Mlango uwe wazi, nepi ibadilishwe pahali panapoonekana, choo waende wawili watatu na mlezi anayejulikana. Kanuni hii inamlinda mtoto na inamlinda mlezi mzuri pia, manake hakuna atakayemsingizia.

Alafu pita siku moja bila kusema, saa nane hivi mchana. Kituo kizuri kitakukaribisha. Wakikwambia wazazi hawaruhusiwi kuingia, ama subiri getini tukutolee mtoto kila siku, mimi ningemuondoa mtoto hiyo wiki wala nisingebishana.

Makaratasi nayo uliza. Cheti cha tabia njema kinatolewa na DCI, idara ya upelelezi ya polisi, na mtu anaomba kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na mwalimu wa nasari awe amesajiliwa na TSC, tume ya walimu. Lakini usitulie kwa sababu ya cheti, kinaonyesha tu kwamba mtu hana rekodi ya uhalifu, hakikwambii anafanya nini leso ikishatundikwa. Na mjue kwamba kwa Katiba ya 2010 elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto viko chini ya kaunti, kwa hivyo mkiona kituo kina hatari, malalamiko yenu yana pa kwenda.

Na tuktuk ya kumpeleka nasari?

Dereva ajulikane ni nani, awe ni huyo huyo kila siku, na watoto waende pamoja. Anayebaki wa mwisho asiwe ni yule yule kila jioni peke yake na dereva. Mtoto asipakatwe mbele kwa dereva hata kama tuktuk imejaa. Na mlezi asimtoe mtoto kwa mtu yeyote ambaye hujamtaja, hata akisema ni mjombake.

Mwanangu ana mwaka na nusu, hasemi. Nitajuaje?

Mwili wake utakwambia, lakini lazima uuangalie. Ukimuogesha jioni mkague wote, si kwa kushuku, iwe mazoea tu.

Mtoto anayetembea ataanguka, goti na paji la uso vitachubuka, hiyo ni kawaida. Kinachonitia wasiwasi mimi ni alama kifuani, tumboni, mgongoni, masikioni ama shingoni kwa mtoto wa chini ya miaka 4, manake hapo mtoto hajigongi kirahisi. Na mtoto wa chini ya miezi 4, ambaye hata kujigeuza bado, akiwa na alama yoyote ya kuvilia damu mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Alama za vidole, za mkanda, za kuumwa meno, ama kuungua kwa mviringo mdogo kama sigara, pia nenda. Msichanganye tu na baka la buluu la kuzaliwa nalo kiunoni ama matakoni, watoto wetu wengi wanalo, haliumi na linafifia lenyewe akikua.

Mtoto mchanga akitikiswa kwa nguvu ubongo unagonga ndani ya fuvu na mishipa inapasuka, na nje usione hata alama moja. Akitapika bila homa, amelegea, hanyonyi, macho yanampinduka ama anashtuka shtuka kama degedege, hiyo ni ya kukimbiza saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Sehemu za siri: damu, uchafu unaotoka, maumivu akikojoa, kulia ukimgusa kumbadilisha. Tabia nazo, mtoto aliyekuwa amezoea ghafla anaogopa mtu mmoja ama chumba kimoja, anarudia kukojoa kitandani, halali, ama anaonyesha michezo ya ngono ambayo umri wake haupaswi kuijua. Tabia moja peke yake yaweza kuwa na sababu nyingine, watoto wengi hulia wakiachwa wiki za kwanza. Ukiona kadhaa pamoja, ama badiliko la ghafla, usipuuze.

Nimesikia walezi wengine wanawapa watoto dawa ya mafua walale. Ina shida?

Ina shida kubwa. Zile dawa za mafua na mzio kama Piriton zinaleta usingizi, kwa mtoto mdogo zinaweza kumzubaisha mpaka anapumua vibaya, akitapika amelala anaweza kupaliwa. Mtoto wako akiwa kila jioni unamchukua amelewa usingizi, mdomo mkavu, hataki kucheza wala kula, na wikendi ukikaa naye yuko sawa kabisa, muulize mlezi moja kwa moja amepewa nini. Dawa yoyote daycare iwe ni wewe umeileta na umesema kiasi gani na saa ngapi.

Mwalimu wa PP1, darasa la kwanza la chekechea, alimchapa kidogo tu kwa kutoshika penseli vizuri, si ni nidhamu?

La. Viboko shuleni vilipigwa marufuku Kenya tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumuumiza mwanafunzi kwa mwili na hata kwa maneno. Mtoto wa miaka 4 vidole vyake bado havijakomaa kushika penseli, fimbo haivikomazi. Madrasa kwa ustadh ni hivyo hivyo, mtoto ni yule yule.

Nimfundishe nini mwanangu wa miaka 3 mpaka 5 bila kumtisha?

Vitu vichache, mrudierudie akioga ama akivaa. Sehemu zake za siri ni zake, mlezi anaweza kumsaidia kujisafisha na daktari anaweza kuangalia mama akiwepo, basi. Mfundishe majina halisi ya sehemu hizo ndiyo akisema kitu aeleweke. Mwambie hakuna siri kati ya mtoto na mtu mzima, mtu akimwambia usimwambie mama basi hiyo ndiyo ya kumwambia mama kwanza. Na asilazimishwe kukumbatiwa wala kupakatwa. Adabu zetu za shikamoo na kubusu mkono wa mkubwa zibaki, hizo hazina neno, lakini akikataa kukaa mapajani kwa mtu usimwambie una adabu mbaya wewe. Kesho utataka aweze kumkatalia mtu.

Lakini jamani mtoto wa miaka 3 hawezi kujilinda mwenyewe, haya ni ya kumsaidia kusema. Kulinda ni kazi ya wakubwa.

Mwanangu ameniambia kuna mtu alimgusa. Nifanye nini?

Tuliza uso wako kwanza, najua ni vigumu, lakini mtoto akiona umeshtuka ama umekasirika atafikiri ni yeye amekosa na atanyamaza. Mwambie nimekuamini, hujakosea, umefanya vizuri kuniambia. Swali liwe wazi, kama "alafu ikawaje?", usimtilie maneno mdomoni kama "ni fulani sindio?" Asirudishwe kumueleza shangazi, kisha jirani, kisha mwalimu, anaumia upya na kesi pia inaharibika. Usimrekodi video, usiweke jina wala picha yake kwa grupu la WhatsApp. Na usiende kupigana na mshukiwa usiku huo, atatoroka.

Kama kuna shaka ya kunajisiwa usimuogeshe wala usifue nguo. Nguo zitie kwa bahasha ya kaki, si nailoni, manake unyevu ukifungiwa unaharibu ushahidi. Kama ashaoga usijilaumu, nendeni tu.

Hospitali kwanza. Coast General ina kituo cha waliodhulumiwa kijinsia, na kama uko mbali anzia hospitali ya serikali iliyo karibu, Port Reitz ama Tudor. Ndani ya masaa 72 mtoto anaweza kuanzishiwa PEP, dawa za kuzuia HIV, anameza siku 28, na kila saa inayopita kinga inapungua. Ataangaliwa pia magonjwa ya zinaa na hepatitis B, na atapata mshauri wa kuongea naye. Daktari anajaza fomu ya PRC, ile ya matibabu ya aliyebakwa ama kunajisiwa, huhitaji kupitia polisi kwanza ndiyo atibiwe. Baadaye mnaenda kituo cha polisi, mnaomba dawati la jinsia, mnachukua namba ya OB, yaani ya kitabu cha kuandikia ripoti, na fomu ya P3, ya polisi ambayo daktari anajaza majeraha. Masaa 72 yakiwa yamepita bado nenda, kuna mengi ya kufanyiwa.

Na daktari akisema hajaona jeraha usirudi nyumbani ukadhani mtoto amedanganya. Kuguswa vibaya mara nyingi hakuachi alama, na sehemu hizo hupona haraka sana.

Familia yataka tuelewane kwa wazee, aliyefanya ni mtu wetu.

Hili linaniuma kuliko yote. Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kunajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini adhabu yake ni kifungo cha maisha. Kesi kama hiyo si ya mzee wa mtaa, si ya baraza la familia, wala si ya kulipana mbuzi na pesa. Mkielewana, yule mtu anabaki na watoto wa wenzenu na wako anaendelea kumuona kila Eid ama Krismasi.

Na kama sina uhakika, ni hisia tu?

Piga 116, ni laini ya watoto, bure, usiku na mchana, si lazima useme jina lako wala uwe na ushahidi. Waeleze ulichoona, mtoto anashinda wapi, kituo kiko mtaa gani, watakuelekeza. Unaweza pia kwenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako. Wakati unangoja jibu usimrudishe mtoto pale, hata kama ni kukosa kazi siku mbili ama kumwachia jirani unayemjua, na wazazi wenzako wanaoacha watoto hapo waambie wapite mchana waangalie wenyewe.